Yamaha RX-V385: risiva inayopatanisha sabufa na spika

Wakuu, hii risiva (mashine inayopokea sauti na picha na kuendesha spika zote za homu thieta) ya Yamaha RX-V385 nimeitumia muda wa kutosha sasa naweza kuiongelea, na nitakachoongelea zaidi sio mawati wala HDMI (za kuingiza ziko 4, ya kwenda kwenye TV 1 yenye ARC, yaani sauti ya TV inarudi kwenye risiva kwa waya huohuo, inatosha kabisa), ni jinsi inavyosaidia kupanga sauti ya spika na sabufa, maana hapo ndo homu thieta nyingi huku kwetu zinapoharibikia. Unaingia sebuleni kwa mtu besi inagonga mpaka vioo vya kabati vinalia, ila kwenye muvi mtu akiongea husikii kasema nini, afu mwenyewe anakwambia huu ndo mziki mnene! Hapana aisee.

Ndani ya boksi kuna kimaiki cha YPAO, mfumo wa Yamaha wa kupima na kupanga sauti. Unakiweka pale unapokaa, usawa wa masikio, feni unazima, watoto wanatoka nje kidogo, na mvua isiwe inapiga kwenye bati, inatoa milio spika moja moja inapima umbali na ukubwa wa sauti kisha inajipanga yenyewe. Kabla hujaanza, sabufa weka volyumu yake nusu na krosova yake (mpaka ambapo sabufa na spika zinagawana sauti) peleka mpaka mwisho, kitabu chake kinasema hivohivo na kina sababu, risiva inaweza kupandisha au kushusha desibeli 10 tu kwa kila spika, kwahiyo sabufa ikiwa juu kupita kiasi itashindwa kuishusha na utaletewa onyo la W-3.

Ikimaliza ingia menyu ya spika uangalie ilichoandika. Spika za mbele zenye wufa kubwa huwa zinawekwa Large (zinabeba besi zenyewe), mimi nazipeleka Small (besi inaenda kwenye sabufa) na krosova 80 Hz, chini ya hapo sabufa ndo inabeba mzigo na spika zinabaki na kazi zinayoiweza, sauti za watu zinakua safi hapohapo. Spika ya kati naongeza desibeli 2, na sabufa naongeza 2 au 3 kwasababu usiku nasikiliza sauti ndogo, na sikio la binadamu sauti ikishuka besi ndo inayopotea kwanza. Ila hizo desibeli ongezea kwenye risiva, kile kitufe cha nyuma ya sabufa usikiguse tena, ukikigusa kipimo cha YPAO cha sauti ya sabufa hakina maana tena. Na sabufa iliyokaa sawa hutakiwi kujua imewekwa kona gani, kishindo unakisikia kinatokea mbele kwenye picha, mpaka mtu aizime ndo unaelewa ilikua inafanya kazi kubwa kiasi gani. Nimeipendea hicho hii mashine.

Chumba nacho kina mambo yake. Sebule ya mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta, besi ya kama 43 Hz inasimama hapo katikati ya kuta, ukikaa katikati kabisa unaikosa, ukiegemea ukuta inakuzidi, na huwezi kuitibu kwa kupandisha volyumu, sogeza kochi tu. Ama chukua sabufa uiweke juu ya kochi lenyewe, piga wimbo wenye besi nzito, afu zunguka kando ya kuta umeinama, pale utakaposikia besi imetulia haivumi ndo pa kuiweka sabufa. Jirani atakuona kama umechanganyikiwa lakini fanya.

Wifi haina, ina bluetooth tu, na Atmos (sauti inayotokea mpaka juu ya kichwa) haina, ni 5.1 basi, yaani spika 5 na sabufa 1, kwahiyo mwenye ndoto za spika za darini atafute nyingine. Kwa sebule ya kawaida mi naona hii inatosha na zaidi. Ukikutana na yuzdi iliyotoka Marekani soma kibandiko cha nyuma kabla hujalipa, za kule ni 120V, ukichomeka moja kwa moja kwenye 230V yetu umeiua, itakubidi ununue transfoma.