Cloudflare kwa domeini ya seva ya kuchati: bei safi, ila zima wingu la chungwa

Domeini ya tovuti unaweza kuibadili ukichoka nayo. Ya seva ya kuchati huwezi. Kwenye XMPP, mfumo wa kuchati ambao kila mtu anaweza kuendesha seva yake, anwani ya mtumiaji hukaa kama ya barua pepe, asha@kijiwe.example, na siku domeini ikipotea, anwani za watu wote zimepotea pamoja na orodha zao za marafiki. Matrix, mfumo mwingine wa aina hiyo, ndiyo kali zaidi: jina unaloipa Synapse, programu ya seva yake, kwenye server_name haligeuzwi tena, na kulibadili maana yake ni kuanza upya na hifadhidata tupu. Kwa hiyo ukimchagua msajili, yaani anayekuuzia domeini, angalia kwanza bei ya kuhuisha mwaka wa pili na wa tano. Ya mwaka wa kwanza ni chambo.

Hapo ndipo Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao ambayo pia ni msajili, inapostahili sifa. Inauza domeini kwa bei ileile inayotozwa na rejista, yaani mwenye orodha kuu ya domeini za aina hiyo, bila kuongeza chake. Domeini ya .com ni zaidi kidogo ya dola 10 kwa mwaka, na kuhuisha ni bei hiyohiyo hadi rejista yenyewe ipandishe. Taarifa zako kwenye WHOIS, orodha ya wazi ya wenye domeini, zinafichwa bila malipo. Ukishasajili, fungua barua pepe ya uthibitisho mapema: kwa domeini kama .com, usipothibitisha ndani ya siku 15 domeini husimamishwa, na seva nzima inazimika ikiwa haina kosa lolote.

Kasoro zipo mbili. Hawauzi .co.tz wala .co.ke, hivyo hizo nunua kwa msajili wa nyumbani aliyeidhinishwa, kisha ukipenda elekeza seva za majina (DNS, zinazotafsiri jina la domeini kuwa IP, namba ya mashine) kwa Cloudflare. Mpango wa bure unatosha kabisa. Ya pili, domeini uliyonunua kwao lazima itumie seva zao za majina. Ukitaka DNS ya mwingine itabidi uhamishe domeini yenyewe, na domeini mpya haihamishiki kabla ya siku 60.

Sasa rekodi za DNS. Kwa Prosody, programu ya seva ya XMPP, kama tovuti yako iko kwenye mashine nyingine, hizi ndizo za lazima:

xmpp  A  203.0.113.10
vyumba  A  203.0.113.10
_xmpp-client._tcp  SRV  0 5 5222 xmpp.kijiwe.example
_xmpp-server._tcp  SRV  0 5 5269 xmpp.kijiwe.example

SRV husema huduma iko mashine gani na poti gani; namba zake ni kipaumbele, uzito, poti, kisha jina la mashine. Jina hilo lazima liwe na A (IP ya kawaida, IPv4) au AAAA (IPv6) yake lenyewe. Usiweke IP pale wala CNAME, yaani jina linaloelekeza jina jingine. Rekodi ya "vyumba", ya mazungumzo ya kikundi, ndiyo husahaulika sana. Watumiaji wako wataingia vyumbani bila shida hata isipokuwepo, kwa sababu seva yao inakijua chumba, lakini wageni wa seva nyingine watagonga mwamba. AAAA usiiweke kama seva haisikilizi IPv6, maana baadhi ya programu zitaanza huko na kusubiri bure.

Kosa linalopoteza muda wa watu wengi ni wingu la chungwa, alama ya kwamba trafiki ya rekodi hiyo inapita kwanza kwa Cloudflare. Ukiongeza rekodi ya A, Cloudflare huiwasha kama wakala bila kukuuliza, na wakala huyo hupitisha trafiki ya wavuti tu. Poti 5222 na 5269 hazipiti. Simu itabaki inazungusha tu hadi muda uishe, huku tovuti ikifunguka vizuri, na lawama zote anaangushiwa Prosody au faiwoli. Pima hivi:

dig +short xmpp.kijiwe.example

Ikirudi IP ya seva yako, sawa. Zikirudi IP mbili usizozijua, mara nyingi zinaanza na 104 au 172, bofya wingu liwe la kijivu.

Kwa Matrix hali ni nafuu. Poti 8448, ambayo seva za Matrix huzungumzia, haimo kwenye orodha ya wakala wao, lakini faili ya /.well-known/matrix/server kwenye tovuti yako, inayoziambia seva nyingine pa kuunganisha, ikielekeza matrix.kijiwe.example:443, wingu linaweza kubaki chungwa. Kumbuka tu kwamba mpango wa bure hukata upakiaji unaozidi MB 100, na video ndefu hufika huko.

Cheti cha TLS, kinachothibitisha jina la seva, nacho kina mtego wake. Programu za XMPP hukagua jina lililo kwenye anwani ya mtumiaji, kwa hiyo cheti kiwe cha kijiwe.example na vyumba.kijiwe.example. Cha xmpp.kijiwe.example peke yake kitakataliwa. Vyeti vya "Origin" vya Cloudflare navyo viache, simu za watu haziviamini. Chukua cha Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, kwa njia ya DNS (unathibitisha umiliki kwa rekodi), kwa kuwa poti 80 ya domeini kuu iko kwenye mashine ya tovuti. Hapa Cloudflare inapendeza kweli: unatengeneza tokeni yenye ruhusa ya kuhariri DNS ya domeini hiyo moja tu, unampa certbot, programu inayokuchukulia cheti, basi. Usimpe ufunguo mkuu wa akaunti. Cheti hudumu siku 90, na baada ya kila kuhuisha lazima amri hii ijiendeshe yenyewe, la sivyo Prosody itaendelea kutoa cha zamani:

prosodyctl --root cert import /etc/letsencrypt/live

Kisha endesha prosodyctl check dns na prosodyctl check certs; zitakutajia rekodi au cheti kilichokosekana kwa jina.

DNSSEC, yaani saini za kuthibitisha rekodi za DNS, huwashwa kwa kubofya mara moja kwa domeini walizouza wao. Kwa .co.tz au .co.ke, nakili rekodi ya DS, inayounganisha saini hizo na rejista, umpelekee msajili wako. Kama DNSSEC ilikuwa imewashwa huko ulikotoka, ondoa DS ya zamani na ungoje siku moja au mbili kabla ya kubadili seva za majina. Ukigeuza mpangilio huo, domeini itapotea kwa kila mtu ambaye mtandao wake unakagua saini.