Mwanasaikolojia kwa Njia ya Video Nikiwa Katika Eda: Uzoefu Wangu

Tathmini hii naiandikia hasa wanawake waliofiwa na waume zao, wanaokaa eda, na ambao usingizi umewatoroka kwa sababu ya yale waliyoyashuhudia. Marehemu mume wangu alifariki katika ajali kwenye barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, nami nilikuwa naye garini. Nilitoka nikiwa hai, mkono wa kushoto umevunjika. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Kutoka nyumbani kwa dharura kama matibabu kunaruhusiwa, lakini kwenda kwa mshauri kila wiki, huku jamaa wakimiminika kutoa pole tangu asubuhi hadi usiku, lilikuwa jambo nisiloliweza. Ndipo wifi yangu, ambaye ni muuguzi, aliponitafutia mwanasaikolojia wa kike anayehudumia wateja kwa simu ya video kutoka Nairobi.

Kabla ya kulipa chochote niliomba namba yake ya usajili. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na kwa maoni yangu mtaalamu anayekasirika akiulizwa swali hilo hafai kukabidhiwa siri za mtu. Huyu alinijibu mara moja, akanitumia na fomu ya ridhaa iliyoeleza jinsi maelezo yangu yatakavyohifadhiwa, na ni wakati gani atalazimika kuitoa siri, yaani pale uhai wangu au wa mtu mwingine unapokuwa hatarini. Alitaka pia jina la ndugu wa karibu na la hospitali iliyo jirani nami, kwa sababu yeye alikuwa mbali na asingeweza kunikimbilia.

Lililonifaa kuliko yote ni kwamba alitenganisha mambo mawili ambayo mimi na watu wa nyumbani tulikuwa tumeyachanganya. Kulikuwa na majonzi ya kumkosa mume wangu, na kulikuwa na kiwewe cha ajali yenyewe: honi ya lori ikisikika barabarani nilijikuta nimeshika ukuta, moyo unaenda mbio, na harufu ya dizeli ilinitia kichefuchefu. Alinipa dodoso la maswali 20 kuhusu mwezi uliopita, kila swali likijibiwa kwa alama ya 0 hadi 4, na majibu yangu yakaonyesha kwamba kiwewe ndicho kilichohitaji tiba kwanza. Kuhusu majonzi alisema wazi kuwa si ugonjwa. Alinieleza kwamba mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika tangu Januari 2022, huyahesabu majonzi kuwa tatizo la kiafya pale tu yanapodumu kwa angalau miezi 6 na kupita kiasi kinachotarajiwa katika mila na dini ya mfiwa. Maneno hayo yalinituliza sana, kwa kuwa wageni walivyozidi kunihimiza nisubiri, ndivyo nilivyozidi kuona kila chozi kuwa dalili ya upungufu wa imani. Yeye si Mwislamu, lakini aliniuliza tunawafanyia nini marehemu wetu, nami nikamweleza kuhusu dua, hitima na sadaka. Tangu hapo akavipa nafasi katika mazungumzo yetu, bila kuvichukulia kama vizuizi vya tiba.

Kwa kiwewe alitumia tiba iitwayo EMDR, iliyoanzishwa na Mmarekani Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2013. Hakuianza siku ya kwanza. Vikao vya mwanzo vilikuwa vya kujifunza kujituliza, na nilipoonyesha haraka alinizuia. Ilipofika zamu yake, nilikaa kitandani, simu nimeiegemeza kwenye mto, feni imewashwa kwa kasi ili sauti yangu isifike sebuleni. Nilitakiwa kuileta akilini picha inayoniandama, ambayo ni kofia ya mume wangu juu ya dashibodi kati ya vipande vya kioo, huku nikigonga mapaja yangu kwa zamu, kulia na kushoto. Upande wa kushoto niligonga kwa ncha za vidole vilivyochomoza kwenye plasta. Baada ya kila mzunguko alisimamisha na kuuliza kilichojitokeza. Kazi hii inachosha mno. Kofia ile bado naikumbuka, lakini sasa naikumbuka kama jambo lililokwisha kutokea, na usingizi umerudi.

Huduma hii ina mapungufu. Mtandao ukikatika katikati ya kumbukumbu nzito, mtu anaachwa pabaya, na kwa sababu hiyo tulikubaliana mapema kwamba video ikikatika anipigie simu ya kawaida papo hapo. Faragha katika nyumba yenye msiba ni shida kubwa zaidi: kikao kikimalizika unafungua mlango na kukuta wageni wanakusubiri uso kwa uso. Nilimwomba atumie dakika 10 za mwisho kwa mambo mepesi tu, naye akakubali. Ada ya shilingi 3,000 kwa kikao si ndogo kwa mjane, na nisingeimudu bila msaada wa kaka zangu. Mtu mwenye mawazo ya kujidhuru asitegemee video peke yake. Aende hospitali, akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Eda imekwisha, plasta imetolewa, nami naendelea naye mara moja kwa mwezi, sasa tukizungumza zaidi kuhusu mume wangu kuliko kuhusu ajali. Wifi yangu, aliyempoteza kaka yake siku ile na kuubeba msiba wote wa nyumba ile, naye ameanza tiba. Mtaalamu wangu hakukubali kutuhudumia sote wawili, kwa kuwa tunatoka familia moja na tunaomboleza mtu mmoja, akamwelekeza kwa mwenzake.