Dawa ya viroboto kwa paka asiyeshikika: pipeti, tembe, na ile pakiti ya mbwa inayonipandisha hasira

Assalaam aleikum watazamaji, karibuni tena. Leo hakuna simu wala feni ya sola. Leo ni viroboto. Na simzungumzii yule paka mpole wa kulala mapajani, huyo mpake chochote kilichoandikwa "paka" mwendelee na maisha. Namzungumzia yule wa barazani, anayekula nyumba nne kwa siku, ukimgusa mgongo anakuachia alama za kucha mkononi. Lamu hii tunao tele, kuanzia Langoni mpaka Shela.

Kwa paka wa aina hiyo, swali si dawa gani ina nguvu. Nyingi za kisasa zinaua. Swali ni: huyu paka anakupa sekunde ngapi? Akikupa tatu, chukua pipeti, yaani kile kichupa kidogo cha plastiki cha kubinyia dawa ngozini. Asipokupa hata moja, ni tembe ndani ya chakula.

Hii hapa ni pipeti ya fipronili na methopreni, Frontline Plus ya paka, nusu mililita. Fipronili ndiyo inayoua viroboto wenyewe, sitapoteza muda. Methopreni ndiyo inayozuia mayai na mabuu wasikue. Ninachokipenda mimi ni shingo yake. Sogeza kamera. Sogeza tena. Mnaiona? Nyembamba, inapita katikati ya manyoya mpaka ngozini. Kuna nyingine za bei ya chini zenye mdomo mpana, ukibinya dawa inamwagika juu ya manyoya na kuishia hapo. Dawa hii inaenea kwa mafuta ya ngozi, mwili mzima, ndani ya siku moja au mbili. Isipogusa ngozi umepaka nywele tu.

Haya, tazameni mkono. Kwanza, ifungueni jikoni, paka akiwa uani. Ule mlio wa "tak" ncha inapovunjika unatosha kumpandisha darini. Ishikeni wima, mdomo juu, mgonge shingo kwa kidole ili dawa yote ishuke chini kabla hamjaivunja. Ikishafunguka, ifiche kiganjani.

Pili, chakula. Usimpe kichwa cha samaki! Atakitia mdomoni akimbilie nacho chini ya kitanda, kazi imekwisha. Mpe samaki aliyechambuliwa, pamoja na supu yake, kwenye sahani pana, ili abaki ameinamisha kichwa akilamba. Akiinama, ukosi unafunguka wenyewe. Mnaona huyu? Masikio yamelala, analamba. Sasa.

Njoo kwa ubavuni, usimwinamie kwa mbele. Usimkamate ngozi. Vidole viwili vya kushoto vinagawa manyoya chini kabisa ya kisogo, pale shingo inapoanza. Ngozi nyeupe ile, inaonekana? Ncha inagusa, unabinya mara moja yote, na sikilizeni hapa: UNAINUA UKIWA BADO UMEBINYA. Ukiachia ukiwa bado pale, pipeti inainyonya dawa irudi ndani, na nusu ya pesa yako unaitupa jaani. Umeona? Hata hakuinua kichwa.

Narudia mahali, kwa sababu wengi wanakosea. Wanaweka katikati ya mabega. Paka ni mwepesi, anageuza shingo na kupafikia. Akiilamba ni chungu, atatoa povu mdomoni utadhani anakufa. Mara nyingi hapati madhara zaidi ya hapo, mpe maji, lakini dawa imepungua. Pia usimsugue baada ya kuweka, na asiogeshwe siku mbili kabla na siku mbili baada. Watoto wasimpapase mpaka pakauke. Na kwenu wenye sungura: fipronili ni sumu kwa sungura, msijaribu.

Sasa hasira yangu. Dukani, dawa ya mbwa na ya paka zinakaa bega kwa bega. Advantage ya paka ni imidaklopridi, salama. Advantix ya mbwa ina imidaklopridi NA permethrini. Majina yanakaribiana hivyo! Permethrini mbwa anaistahimili, ini la paka haliwezi kuivunja. Halafu utamsikia mtu: "Nanunua ya mbwa mkubwa, nawagawia paka watatu, naokoa pesa." Utaokoa nini? Paka ataanza kutetemeka, masikio yanachezacheza, kisha degedege. Ikishatokea, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunike asipate baridi, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa ile ile. Na kama nyumbani kuna mbwa aliyepakwa permethrini, paka asilale naye kwa siku tatu.

Someni pakiti, jina la kemikali, si picha. Picha ya paka hata kopo la unga wa viroboto linaweza kuwa nayo. Unga wa kabarili ule wa kunyunyizia mnyama hauwafai paka, maana yeye kila alichonacho mwilini atakilamba. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe na mbuzi, usiithubutu. Na kuna wenzangu wa chaneli nyingine, sitawataja, wanafundisha mafuta ya nazi na ndimu. Mafuta ya maganda ya ndimu na machungwa ni sumu kwa paka. Kitunguu saumu pia. Video ina watazamaji wengi kuliko yangu, sawa, lakini paka hawajui kutoa maoni.

Tembe. Nitenpiramu, inajulikana kama Capstar, ya paka ni miligramu 11.4. Ndani ya nusu saa viroboto wanaanza kuanguka, na paka anaweza kujikuna vibaya kwa muda, usiogope. Asiwe chini ya wiki nne wala chini ya gramu 900. Isage, itie ndani ya donge dogo la samaki, mpe kwanza hilo kabla ya chakula chenyewe. Ubaya wake: siku moja au mbili imeisha mwilini. Ni ya kupunguza moto, si ya kuzima.

Ya kunipendeza kwa paka anayekamatika mara moja tu kwa msimu ni Bravecto ya kudondoshea: wiki 12 dhidi ya viroboto. Bei inauma, ila ilinganisheni na pipeti tatu za mwezi mmoja mmoja na majeraha matatu ya mkono. Daktari ndiye wa kuamua, hasa kama paka ana historia ya degedege.

Mtaandika hapo chini: "Nimepaka, wiki mbili, bado nawaona." Ndiyo. Wale mnaowaona juu ya paka ni kama asilimia 5 tu, waliobaki ni mayai na mabuu chini ya jamvi na kwenye nyufa za sakafu. Jike anataga hadi mayai 40 au 50 kwa siku na yanaporomoka popote paka alipolala. Hewa yetu ya pwani, joto na unyevu, ndiyo wanayoitaka. Na kiroboto akiwa bado kwenye kifukofuko, dawa haimfikii. Anangoja mtikisiko na joto la mwili, ndiyo maana nyumba iliyofungwa miezi miwili, ukifungua mlango wa daka, wanakurukia miguuni.

Kwa hiyo: majamvi na mikeka juani saa sita, pande zote mbili. Leso anayolalia paka ifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60, kila wiki. Fagia nyufa kila siku, taka itoke nje ya nyumba. Paka WOTE wa nyumba wapakwe siku moja, kila mwezi, miezi mitatu bila kuruka.

Mdogo wa wiki nane kushuka, hakuna pipeti hii. Kitana chenye meno ya karibu na bakuli la maji ya sabuni. Ufizi ukiwa mweupe, amenyonywa damu, apelekwe kliniki leo. Na ukiona vitu kama punje za mchele mkiani, hiyo ni tegu, inatoka kwa kiroboto aliyemezwa. Ulizeni dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli.

Wiki ijayo ni mikanda ya shingoni, nimeagiza Seresto, na mikanda ya paka wanaopanda mapaa inayofunguka yenyewe inaponasa. Bonyezeni kengele. Mwenye paka asiyeshikika hata kwa samaki aandike uzito wake kwa kukisia na anakula saa ngapi, nitajibu wenye maelezo kwanza.