Uzoefu wangu na kozi za elimu kwenye shahada ya ualimu: ipi inakusaidia darasani, ipi inaishia kwenye karatasi

Ninachopitia hapa ni kozi za elimu ndani ya shahada ya ualimu ya miaka 3 Tanzania, ile ya kufundisha sekondari. Masomo ya kufundishia, iwe Jiografia na Kiswahili au Kemia na Baiolojia, nayaacha kando. Nazungumzia ule upande ambao wanafunzi wengi huuchukulia kuwa wa kukariri wiki ya mwisho: saikolojia ya elimu, upimaji na tathmini, mbinu za kufundishia, ushauri na unasihi, pamoja na BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Msimamo wangu ni kwamba upimaji na tathmini ndiyo kozi yenye thamani kubwa kuliko zote, na inasikitisha kwamba ndiyo inayosomwa kwa haraka kuliko zote.

Kwanza muda. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 8 inakudai saa 80. Mihadhara ya saa 2 kwa wiki, ukiipiga kwa wiki 15, inakupa saa 30. Saa 50 zilizobaki ni zako mwenyewe, na hapo ndipo kozi hizi hupona au hufa. Kwenye matokeo, kosiweki (kazi na majaribio ya muhula) kwa kawaida hubeba alama 40 na UE (mtihani wa mwisho wa chuo) 60. Sehemu nzuri ya hizo 40 hutoka kwenye asaimenti za kundi, kwa sababu ukumbi una mamia ya watu na mhadhiri hawezi kusahihisha karatasi za kila mmoja. Kundi la watu 10 au 15 huishia kuandikiwa na watu 2, wengine wakitoa namba za usajili tu. Hasara yake huonekana kwenye UE, pale swali linapodai hesabu au uamuzi. Ukiwa kundini, usikubali kugawana vipande vya swali. Kila mtu aandike jibu zima kwa ukurasa mmoja, kisha mkae kuyaunganisha. Inachukua jioni moja zaidi, na kila mmoja anatoka akiijua kazi yote.

Sasa upimaji na tathmini. Kozi huanza na tofauti ya kupima na kutathmini, uhalali wa mtihani (kupima kile kilichokusudiwa) na uthabiti wake (kutoa matokeo yaleyale ukirudiwa), ngazi za kufikiri za Bloom za mwaka 1956 na marekebisho yake ya 2001. Hayo yapo kwenye kila noti za kudurufu. Uzito wa kozi unaanzia kwenye jedwali la utahini, yaani mpango wa kugawa maswali kwa mada na kwa ngazi. Chukua muhtasari wa somo, hesabu vipindi vya kila mada, kisha gawa maswali kwa uwiano huohuo. Mada tatu zenye vipindi 6, 9 na 15 zinafanya vipindi 30. Mtihani wa maswali 20 utakuwa na maswali 4, 6 na 10. Halafu ndani ya kila mada unaamua mangapi yapime kukumbuka, mangapi kutumia, mangapi kuchambua. Asiyefanya hivi hujikuta ametunga maswali 9 kwenye mada anayoipenda, yote ya "taja" na "eleza maana ya". Wanafunzi wakifaulu, hajui wamefaulu nini.

Kisha linakuja jambo ambalo ningetamani kila mwalimu alifanye angalau mara moja kwa muhula, yaani kuchambua maswali baada ya kusahihisha. Darasa la wanafunzi 40: panga karatasi kuanzia alama ya juu, toa asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, yaani karatasi 11 kila upande. Swali la 5 limepatwa na 9 wa juu na 4 wa chini. Ugumu wake ni 13 kugawanya kwa 22, sawa na 0.59, si rahisi mno wala gumu mno. Nguvu yake ya kutofautisha wanaojua na wasiojua ni 9 kutoa 4, ugawanye kwa 11, sawa na 0.45. Kuanzia 0.40 swali ni zuri sana, 0.30 hadi 0.39 linafaa, 0.20 hadi 0.29 linahitaji kuguswa, na chini ya hapo liandike upya.

Lenye faida kubwa zaidi ni swali ambalo nguvu yake ya kutofautisha imetoka hasi. Swali la 12 limepatwa na 3 wa juu na 7 wa chini: hapo una -0.36. Wanaojua wamekosa, wasiojua wamepata. Sababu huwa chache na zinajulikana. Mwongozo wa kusahihishia umeandikwa herufi isiyo sahihi, au swali lina majibu mawili yanayokubalika na mwanafunzi hodari ameona lile ambalo mtungaji hakuliona, au neno "si" limefichwa katikati ya sentensi. Usimlaumu mwanafunzi kabla hujarudi kwenye swali. Angalia pia vipotoshi, yale machaguo yasiyo sahihi: chaguo ambalo hakuna hata mmoja aliyelichagua halifanyi kazi, na swali la machaguo 4 lenye vipotoshi 2 vilivyokufa limebaki kuwa swali la kubahatisha nusu kwa nusu.

Udhaifu wa kozi ni kwamba yote haya hufanywa kwa namba za kubuni ubaoni. Mwanafunzi anamaliza akijua kanuni bila kuwahi kushika karatasi halisi za mtihani. Dawa yake ni rahisi: ukiwa BTP, omba kwa mwalimu wa somo ruhusa ya kuchambua jaribio moja la Kidato cha Pili, funika majina, na ufanye hesabu zote kwa mkono. Ukirudi chuoni, sura hiyo hutakuwa na haja ya kuikariri.

Alama sanifu nazo zimepewa mhadhara mmoja tu, ingawa ndizo zinazomlinda mwanafunzi asihukumiwe vibaya. Mtoto amepata 60 kwenye Hisabati ambako wastani wa darasa ni 45 na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha alama zinavyotawanyika, ni 10. Kwenye Kiswahili amepata 70, wastani 68, mkengeuko 8. Mzazi ataona Kiswahili kimeenda vizuri zaidi. Ukikokotoa (alama kutoa wastani, ugawanye kwa mkengeuko), Hisabati yuko 1.5 juu ya wastani, Kiswahili 0.25 tu. Ushauri wa tahasusi unaotolewa kwa kutazama alama ghafi huwapeleka watoto pasipo pao.

Saikolojia ya elimu ina hali nyingine. Hapa wahadhiri wanajitahidi, na maudhui ni tajiri, yenye nadharia za wanasaikolojia wakubwa: Piaget na hatua zake 4 za ukuaji wa akili, Vygotsky, Erikson, Skinner, Bandura. Tatizo ni kwamba asaimenti nyingi zinasema "jadili nadharia ya fulani na umuhimu wake kwa mwalimu", na jibu lake linanakiliwa mwaka hadi mwaka. Kosa linalorudi kila mtihani ni kudhani kwamba uimarishaji hasi ni adhabu. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, huongeza tabia, adhabu huipunguza. Mwalimu anayesema "wakimaliza maswali yote 10 darasani, hakuna kazi ya nyumbani" anatumia uimarishaji hasi: ameondoa kero ili juhudi iongezeke.

Kazi moja ndiyo inayoiokoa kozi hii: uchunguzi wa mwanafunzi mmoja. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya hiyo na insha, chagua hiyo. Ifanye hivi. Kaa nyuma ya darasa kwa dakika 20 ukiwa na karatasi yenye visanduku 40, kimoja kwa kila sekunde 30. Kila muda ukifika, weka alama: anafanya kazi iliyotolewa au hafanyi. Andika pia kilichotangulia tabia, tabia yenyewe, na kilichofuata. Na hapa kuna siri ambayo maelekezo ya kazi huwa hayaisemi: chagua mwanafunzi mwingine wa jinsia hiyohiyo aliyekaa karibu, umweke alama kwenye safu ya pili. Ukikuta mlengwa hayuko kazini mara 22 kati ya 40, na jirani yake mara 19, tatizo liko kwenye somo. Ukikuta 22 kwa 5, hapo ndipo pa kuuliza kuhusu mtoto. Bila jirani, namba yako haina maana yoyote, na ndiyo maana ripoti nyingi huhitimisha "mtukutu" bila ushahidi.

Kabla ya kuandika kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa, angalia macho na masikio. Msogeze mbele kwa wiki moja. Mpe asome ubaoni akiwa nyuma, kisha akiwa mbele. Mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Uliza kama amekula. Ni mambo madogo, na ripoti ambayo haikuyagusa haipaswi kuvuka nusu ya alama.

Sehemu ya vipimo vya akili niliiona dhaifu. Hufundishwa historia ya IQ (alama ya kipimo cha akili) kana kwamba hapa kwetu hakuna kilichofanyika. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake walifanya utafiti na watoto wa shule huko Bagamoyo, wakachapisha matokeo mwaka 2002: watoto walipimwa, wakafundishwa kwa muda mfupi mbinu za kukabili maswali ya aina ile, wakapimwa tena, na alama zao zikapanda. Kipimo cha mara moja kilikuwa kimeficha uwezo wao. Jirani zetu wa Kilifi, Kenya, nako watafiti wameshughulika kwa miaka mingi kurekebisha vipimo vya watoto viendane na lugha na mazingira ya pwani. Hivi ndivyo vilipaswa kuwa kiini cha mhadhara, kwa sababu mwalimu atakutana na karatasi ya kipimo kilichosanifiwa kwa watoto wa nchi nyingine, na lazima ajue kwamba haimwambii alichodhani.

Kwenye mbinu za kufundishia kuna lile zoezi la kufundisha somo fupi mbele ya wenzako, dakika 5 hadi 10. Lilianzia Stanford, Marekani, mwaka 1963, na Dwight Allen ndiye anayetajwa zaidi. Muundo wake ni fundisha, kosolewa, kisha fundisha tena. Vyuo vingi vimebaki na viwili vya kwanza kwa sababu ya idadi ya watu, na kile cha tatu ndicho chenye mafunzo. Tafuteni darasa tupu jioni mrudie wenyewe. Jambo jingine: wenzako wanajua majibu, hivyo somo linaenda kama maji. Wape watu 3 makosa ya kufanya. Kwenye somo la kujumlisha sehemu katika Hisabati, mmoja ajumlishe juu kwa juu na chini kwa chini, 1/2 na 1/3 akapata 2/5. Ndipo utajua kama unaweza kurekebisha kosa mtoto asiaibike.

BTP ni wiki 8, na huko karatasi ndizo zinazowaangusha wengi. Faili liwe na azimio la kazi, maandalio ya somo na shajara ya somo, yote ya tarehe ileile. Msimamizi akifika bila taarifa, kitu cha kwanza anachotazama ni kama andalio la leo lipo kwenye azimio la wiki hii. Epuka kitenzi "kuelewa" kwenye malengo, kwani hakipimiki. Andika "kukokotoa", "kuchora", "kulinganisha". Hakikisha pia unatumia muundo sahihi, kwa sababu mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unadai umahiri mkuu na umahiri mahususi, na noti za miaka ya nyuma bado zinazunguka. Kwa kipindi cha dakika 40, panga kufundisha dakika 30. Zile 10 zitamezwa na kuingia darasani, kufuta ubao na kugawa vitabu.

Ushauri na unasihi ni kozi ya moyo, lakini mazoezi yake ni haba. Inafundisha usiri, na haikazi vya kutosha mipaka ya usiri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kwa hiyo usimwahidi mwanafunzi kwamba "hili litabaki kati yetu" kabla hujasikia ni nini. Sema mwanzoni: nitalitunza, isipokuwa kama kuna hatari kwako au kwa mwingine. Jua njia ya rufaa, yaani pa kumpeleka mtoto kwa msaada zaidi, kabla hujaihitaji: ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na simu ya bure 116.

Kwa anayesoma kozi hizi akilenga kuwa mwanasaikolojia wa shule, ajue kilicho mbele yake. Marekani, viwango vya NASP (chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule) vinadai mafunzo kazini ya saa 1,200 mwishoni, angalau 600 zikiwa shuleni, juu ya masomo ya ngazi ya uzamili. Kozi 2 au 3 za saikolojia ndani ya shahada ya ualimu hazikufikishi huko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kina shahada ya elimu katika saikolojia, ambayo ni msingi mzuri zaidi wa kuendelea na uzamili. Ukiwa bado mwaka wa kwanza na ndiko moyo wako uliko, uliza utaratibu wa kubadili programu wiki zile za mwanzo, kwa sababu dirisha hilo hufungwa mapema na krediti za masomo ya kufundishia hazihami zote.