Kinga ya Masikio kwa Kazi za Jeshini: Namba ya Kwenye Pakiti Tuiamini?

Watazamaji wapendwa, leo tunachambua vizibo vya sponji, vifunika masikio vya ukanda wa kichwani, na vizibo vyenye kitundu cha kupunguza mlio wa risasi.

Namba iliyochapwa kwenye pakiti hutoka maabara, ambako watu huketi katika chumba tulivu wakisikilizishwa sauti hafifu, kwanza masikio yakiwa wazi, kisha yakiwa yamezibwa, na tofauti inayopatikana ndiyo huhesabiwa kuwa kinga. Kwa mlio wa bunduki, unaoweza kuzidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 150, hutumika kichwa cha bandia chenye maikrofoni masikioni, kwa kuwa si haki kumjaribia binadamu.

Sasa nitazameni kwa karibu. Kizibo cha kulia nimekisokota hadi kikawa chembamba, nikalivuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa kushoto, nikakiingiza na kukishikilia hadi kikatanuka. Mkinitazama usoni hamkioni. Cha kushoto nimekichomeka harakaharaka, na nusu yake inachungulia nje. Vyote vimetoka pakiti moja yenye namba 33, yaani kinga ya desibeli 33, lakini sikio la kushoto linapata sehemu ndogo tu ya kinga hiyo, na ndivyo wengi wanavyovivaa kazini.

Vifunika masikio havihitaji ustadi huo, ila mkono wa miwani ukipita chini ya mto wake huacha mwanya, na kelele haihitaji zaidi ya hapo.

Je, kuvaa vyote viwili pamoja? Ni lazima kwa wahudumu wa sitaha wanaorusha ndege kutoka kwenye manowari, lakini kinga hizo hazijumlishwi: ya pili huongeza takriban desibeli 5 tu. Kelele ya desibeli 140 ikitolewa 38 (33 za kizibo na 5 za nyongeza) hubaki 102, na kwa kanuni ya kutozidi desibeli 85 kwa saa 8, muda ukipungua nusu kila zinapoongezeka 3, mtu huyo amebakiwa na dakika zisizofika 10. Tena hapo nimechukulia kwamba amevivaa sawasawa.

Vizibo vya kitundu ningempa askari wa doria, anayehitaji kusikia amri na nyayo huku akikingwa dhidi ya mlio wa ghafla. Fundi wa ndege asipewe: kitundu kikiwa wazi, ngurumo ya injini isiyokatika hupita karibu yote.