Mifupa ya mama: apimwe damu au mkojo?

Mama yangu yuko Wete, mifupa inamuuma, na daktari anataka kujua inalika kwa kasi gani. Kolajeni, protini iliyo ndani ya mfupa, ikivunjika, vipande vyake huonekana kwenye damu na kwenye mkojo pia.

Mkojo hauna sindano: unakinga kikopo asubuhi, basi. Lakini aliyekunywa maji mengi mkojo wake huwa mwepesi, kwa hiyo lazima matokeo yalinganishwe na kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, na bado hupanda na kushuka siku hadi siku.

Mimi nachagua damu. Sharti lake zito kwa mama: atolewe asubuhi, hajala. Chai ya maziwa na mkate wa mofa tu hushusha CTX, yaani hicho kipande cha kolajeni kinachopimwa kwenye damu. P1NP, kipimo kingine cha damu, cha mfupa unaojengwa, haisumbuliwi sana na chakula.