Bia ya watawa nyota tano, gari la kukodi sifuri

Niseme mapema: watawa wa Westvleteren hawana kosa. Mwenye kosa ni kijana wa gari la kukodi, na hata nikimaliza kuandika hapa bado nitakuwa na hasira naye.

Kwa asiyejua, abasia ya Mtakatifu Sixtus huko Westvleteren, magharibi mwa Ubelgiji, inapika bia tangu 1838, na inapika ya kuwatosha watawa kuendesha maisha yao, basi. Ukitaka kreti unaagiza mapema, unapewa siku na saa, na unaandikisha namba za gari utakalokuja nalo. Ndivyo wanavyowabana walanguzi.

Sasa mimi sina gari. Nikamwomba yule kijana anipe namba za gari nitakalopewa. Akaniandikia kwa mkono wake, akaapa. Asubuhi ya safari nakuta gari jingine kabisa. "Lile limetoka. Gari ni gari, bwana." Gari ni gari! Wiki ngapi nimekesha kwenye simu kutafuta nafasi, halafu ananijibu huku anatafuna mkate.

Njiani sikuona hata hayo mashamba mazuri wanayoyasifia. Shemeji naye ananichoma: "Shemeji, kule Marangu ukiagiza kata ya pombe ya mbege, nani alishakuuliza namba ya gari?" Nikanyamaza.

Tulipofika, mzee wa pale akatazama karatasi, akatazama gari, akarudi kwenye karatasi. Jasho likanitoka. Nilishaitunga kichwani nyota moja, ya watu wote, na watawa wamo. Nikaeleza, nikatoa kitambulisho na barua ya oda. Akasema tusogee pembeni tusubiri. Tukasubiri weee. Kisha akaja mwenyewe na kitoroli, kreti mbili za bia yao iitwayo 12, ile ya kizibo cha njano, akatutakia safari njema. Hakupandisha sauti hata mara moja. Niliona aibu kidogo.

Tukavuka barabara kwenye mgahawa wao, In de Vrede. Bia nyeusi, nzito, asilimia 10.2, ina utamu wa zabibu kavu na sukari guru, halafu uchungu unakuja nyuma taratibu kama msesewe, lile gome chungu, kwenye mbege iliyoiva. Nusu glasi ya kwanza sikuionja kwa hasira. Ya pili, ah. Nikasema basi, hata yule kijana nampa nyota mbili, binadamu hukosea.

Nilipomrudishia gari, akainama kwenye buti na tochi ya simu. "Kreti zako zimekwaruza hapa." Mkwaruzo wenyewe una kutu! Nimekatwa euro 90.

Nyota zake mbili nimezichukua. Kreti moja nimeshaificha shemeji asiione.